Kaa Kwanza, Umechoka

Kwa miaka mingi, katika michezo ya kuigiza ya kundi la Al-Manara hapa Maskati, kulikuwa na mtu mmoja aliyesimama jukwaani bila kusema neno. Mfalme akihukumu, yeye alisimama nyuma ya kiti na mkuki wa mbao. Tajiri akipokea wageni, yeye alishika sinia. Mara mbili alikuwa maiti, akabebwa na wenzake huku wakimnong'oneza apunguze kula wali. Jina lake Sleyum bin Hamoud. Ukiwauliza watazamaji wa zamani kama wanamkumbuka, watakwambia hapana. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona akijikuna.

Alizaliwa Unguja, akaletwa Omani na wazee wake akiwa kijana wa miaka kumi na tano. Kurani alikuwa amekwisha kuihitimu chuoni, na herufi zake hazikuwa na kasoro. Khe yake ilikuwa khe na dhadi yake ilikuwa dhadi. Kilichomponza ni mazungumzo. Akizungumza Kiarabu, maneno yake yalipanda na kushuka kwa mwendo wa Kiswahili, kama mtu anayetembea juu ya lami kwa miguu iliyozoea mchanga. Siku yake ya kwanza skuli mwalimu alimwambia asimame ajitambulishe. Alisema jina lake na alikotoka. Darasa zima likacheka, na mwalimu akacheka nalo. Tangu siku hiyo Sleyum akawa na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kusema Kiarabu mbele za watu, kama mtu anayebisha hodi.

Mtu wa namna hiyo alifuata nini kwenye michezo ya kuigiza? Alifuata haki. Wakati ule vijana wa mitaani walikuwa wanaigiza katika kumbi za vilabu vya mpira, viti vya chuma vimepangwa, pazia limeshonwa na mama ya mtu. Michezo yao ilikuwa ya Kiarabu fasihi, kile cha vitabuni na cha mimbari. Sleyum alikaa nyuma akasikiliza, akagundua jambo ambalo wenzake walikuwa hawajalifikiria. Kiarabu hicho hakisemwi nyumbani kwa mtu yeyote. Aliyezaliwa Nizwa amekwenda kukisoma, aliyezaliwa Sur amekwenda kukisoma, na yeye wa Unguja amekwenda kukisoma. Akajiambia kwamba hapa, juu ya mbao hizi, sote ni wageni, na wageni huwa sawa.

Alikwenda kujiandikisha. Mkuu wa kundi alikuwa Yaqdhan, kijana wa rika lake kutoka bara ya Omani, mwenye sauti nzito na moyo si mbaya. Alimsikiliza akisoma nusu ukurasa, akamtazama kutoka kilembani hadi viatuni, akasema kwa upole, "Una kimo kizuri, wallahi." Akampa mkuki.

Waigizaji wa Kiarabu wana desturi moja nzuri. Kabla mtu hajapanda jukwaani, kundi zima hukaa mezani jioni kadhaa, kila mmoja na nakala yake, wakausoma mchezo kwa sauti kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hapo ndipo maneno husahihishwa, irabu hukazwa, na maana hubishaniwa mpaka chai ipoe. Asiye na maneno ya kusema halazimiki kuja. Sleyum alikuja kila mara. Alikaa pembeni na nakala yake, akafunua kurasa pamoja na wengine, midomo imefungwa. Nyumbani kwake Sib alikuwa akiyasema maneno yote: ya mfalme, ya waziri, ya mjane anayelia. Aliyasema jikoni, na mkewe Masouda akimenya vitunguu.

Masouda naye alitoka Unguja, na Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni tu.

"Leo umekuwa nani?" alikuwa akimuuliza akirudi. "Mfalme au mtoto wa mfalme?"

"Leo mimi mlango."

"Mlango! Basi wamekufunga au wamekuacha wazi?"

"Wameniegemea."

"Haya, mlango wangu, nawa mikono ule."

Hivyo ndivyo walivyoishi, mpaka Masouda akaugua na kufariki, miaka minne sasa. Sleyum alikuwa amekwisha kustaafu kazi yake ya bohari katika wizara moja. Nyumba ya Sib ilibaki na vyumba vinne na mtu mmoja. Binti yake, Noof, anaishi Al Khoudh na mume na watoto wadogo watatu. Huja Ijumaa, funguo za gari mkononi, huacha vyakula ndani ya friji, humbusu baba yake kichwani, na kabla chai haijamiminwa watoto wamekwisha kugombana na yeye amekwisha kuaga. Simlaumu peke yake. Karibu sote tunawatembelea wazee wetu kwa mtindo huo, kisha tunajihesabu kuwa tumewatembelea.

Kwa hiyo jioni za mazoezi ndizo zilizombakishia Sleyum watu. Walimwita ami, walimtania, walimtuma ashike upande wa pili wa meza kubwa ikihamishwa. Alikuwa na pahala pa kwenda na sababu ya kupiga pasi kanzu.

Mwaka jana Yaqdhan, ambaye sasa ni mzee mwenye fimbo, alimkabidhi uongozaji kijana aitwaye Loai. Loai amesomea fani hiyo nje, ana akili nyepesi na haraka ya mtu aliyeahidiwa tuzo. Alileta mchezo mpya, wa kuchekesha, kuhusu mtaa mmoja wa Maskati miaka ya sabini. Siku ya kwanza ya kukaa mezani alimwekea Sleyum nakala mbele yake, akampiga begani.

"Ami Sleyum, safari hii hushiki mkuki. Una maneno. Kurasa na kurasa."

Sleyum aliitazama nakala. Jina la mtu wake liliandikwa Mzinjibari, yaani mtu wa Unguja, basi; wengine wote mtaani wana majina. Hakulitilia maanani. Macho yake yalikuwa yanatafuta sentensi ya kwanza. Ilipofika zamu yake alikohoa kidogo, akasoma.

Meza nzima ikaangua kicheko.

Sentensi yenyewe haikuwa na kichekesho. Mtu anaingia mtaani na kuuliza njia. Lakini walicheka, na Loai akapiga kofi mezani, "Hivyo hivyo! Usibadilishe kitu, ami, hivyo hivyo!"

Sleyum aliendelea kusoma. Mzinjibari wa kwenye karatasi anafungua duka la chai na kila mtu anamdhulumu. Akimsalimia mwanamke anatukanwa. Akitaka kusuluhisha ugomvi, anapigwa na pande zote mbili. Watoto wa mtaani wanamfuata nyuma wakimwigiza anavyosema. Sleyum alisoma mpaka mwisho wa tendo la kwanza bila kuruka neno, kwa sababu kazi iliyoanzwa humalizwa, kisha akaifunga nakala na kusubiri wenzake waondoke.

"Mwanangu Loai," alimwambia, "huyu mtu mpe sentensi moja yenye akili. Moja tu. Halafu nipigeni mnavyotaka."

"Ami, huu ni mchezo wa kuchekesha. Na watu watampenda huyu kuliko wote, utaona. Ni mapenzi."

"Basi nipendeni kwa njia nyingine."

Loai alicheka, akidhani ni utani. Alipoona si utani akajikuna shingo. "Nikimpa akili, mchezo unaanguka. Ndiye anayeubeba."

"Kwa kupigwa?"

"Kwa kuchekesha, ami."

Sleyum akairudisha nakala mezani, akainyosha pembe yake iliyokunjika, akaondoka. Usiku uleule Yaqdhan alimpigia simu.

"Umri wote umetaka maneno, ya akhi, ndugu yangu. Leo umepewa, unayakataa?"

"Nilitaka maneno. Hayo mliyonipa ni makofi ya usoni."

"Watu watacheka, watasahau."

"Mimi nilichekwa nikiwa na miaka kumi na tano. Sijasahau."

Yaqdhan akasema Mungu akujaalie kheri, akakata.

Alikataa, na alikataa kwa haki. Kumcheka mtu kwa ulimi aliozaliwa nao ni uovu, na uovu haugeuki kuwa sanaa kwa sababu umewashiwa taa. Lakini kusimamia haki hakumletei mtu wageni. Wiki ya kwanza hakuna aliyepiga simu. Wiki ya pili mmoja alipiga, kuuliza ufunguo wa kabati la mavazi uko wapi. Jioni za mazoezi zilipofika Sleyum alipiga pasi kanzu kwa mazoea, akaitundika, akakaa barazani akisikiliza ndege zikishuka uwanjani, moja baada ya moja, zimejaa watu wanaongojewa.

Alhamisi moja alasiri kengele ya lango ililia. Alikuwa Taimur, mwigizaji mdogo wa kundi, kijana anayefanya kazi katika kampuni ya simu, ameshika bakuli la halua.

"Hodi, ami," alisema kwa Kiswahili.

Sleyum alishangaa. Mazoezini wote husema Kiarabu. "Kumbe wewe unasema?"

"Bibi yangu Bakhita ndiye aliyenilea, naye alikuwa hataki kunijibu mpaka niseme kwa Kiswahili. Sasa amekufa, sina wa kusema naye. Nnapojaribu na mama ananijibu kwa Kiarabu."

"Ingia, ingia, mwanangu. Usisimame juani."

Kwetu mgeni haulizwi kilichomleta. Mtu akibisha, anakaribishwa, analishwa, anaulizwa hali ya wazee wake, na kama ana jambo atalisema mwenyewe siku anayotaka. Wazee wetu waliondoka na desturi hiyo Unguja walipoacha mengine mengi. Sleyum alichemsha chai ya maziwa na iliki, akapasha mandazi aliyoletewa na Noof, na hakuuliza kitu.

Taimur alirudi Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata tena. Sleyum akaanza kununua maziwa zaidi. Alimsimulia kijana habari za skuli, jinsi alivyosimama kujitambulisha na mwalimu alivyojiinamia kwa kicheko mpaka miwani ikamwanguka. Alimsimulia alivyokwenda kuposa, akakosea mlango, akala chakula cha watu wa matanga. Kijana alicheka mpaka machozi, na Sleyum akacheka naye, maana kuna kicheko cha watu wawili ndani ya chumba kisichomuumiza mtu.

"Hebu rudia, ami. Vile ulivyoingia na kuvua viatu."

Na Sleyum, mtu mzima, akainuka akaenda mlangoni kurudia.

Alhamisi moja Taimur alikuja uso umemshuka. Alizungusha kikombe mkononi kwa muda, kisha akasema, "Ami, kuna jambo nnataka kukwambia."

"Kula kwanza."

"La, ami, ni kuhusu..."

"Nimekwambia kula kwanza. Neno halikimbii. Mtu hasemi na tumbo tupu nyumbani kwangu."

Kijana alikula. Alipomaliza, ujasiri wake ulikuwa umekwisha pamoja na mandazi, akaanza kuuliza mambo mengine. Aliuliza habari za Masouda. Na siku hiyo Sleyum akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Hospitali, siku za mwisho, daktari kijana aliingia chumbani. Alikuwa kazini tangu alfajiri. Kanzu yake nyeupe imekunjamana na miguu haimchukui. Akamuuliza Masouda unaumwa wapi. Masouda, ambaye maumivu yalikuwa yamemla mpaka kwenye mifupa, hakujibu. Alipapasa ukingo wa kitanda kwa mkono wake uliokuwa na sindano, akasema kwa Kiswahili, "Kaa kwanza, mwanangu, umechoka." Sleyum akamfasiria daktari. Daktari akakaa. Akavua miwani, akafuta macho. Masouda hakuifikia Ijumaa.

"Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana," alisema Sleyum. "Mengine yalikuwa maji na dua."

Taimur hakucheka. Alikaa ameinamisha kichwa, kisha akaaga. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake. Alituma ujumbe kwamba kazi zimemzidi.

Siku ya tamasha la makundi ya kuigiza Noof alimpigia baba yake. Mtu kazini kwake amempa tiketi mbili, mchezo wa Al-Manara, ukumbi uko hapohapo Al Khoudh. "Twende, baba. Hatujatoka pamoja siku nyingi." Hakujua lolote kuhusu kilichotokea mezani, hakuwa amekaa kumuuliza. Sleyum alitaka kukataa, kisha akafikiri kwamba hata mtu aliyejitoa ana haki ya kukaa kwenye viti vya watazamaji aone kazi ya wenzake, na kwamba jioni moja na binti yake si kitu cha kutupa. Akavaa kilemba chake kizuri.

Taa zikazimika. Mtaa wa mbao ukatokea, na vichochoro vyake na kamba za nguo. Akaingia Mzinjibari.

Alikuwa Taimur. Kofia aliirekebisha kwa vidole viwili, kama Sleyum. Mlangoni alivua viatu huku ameshika ukuta kwa mkono wa kushoto, kama Sleyum. Na kabla ya sentensi yake ya kwanza ya Kiarabu alikohoa kidogo.

Ukumbi ukacheka. Noof akamshika baba yake mkono. "Baba! Huyu kama wewe!" Alikuwa anacheka mpaka amejifunika mdomo kwa shela. "Wallahi, kama wewe mtupu!"

Ikaja habari ya skuli, na mwalimu na miwani yake. Ikaja habari ya posa na matanga. Hapo hata Sleyum midomo ilimcheza; kijana alikuwa hodari, hilo lazima lisemwe. Kila kitu alikiweka pahala pake. Alikuwa amesikiliza vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa katika nyumba ile, na sasa Sleyum akajua alikuwa akisikilizia nini.

Katika tendo la tatu kitanda cha hospitali kikasukumwa jukwaani. Mzinjibari amepigwa, amelala. Daktari anaingia, anamuuliza unaumwa wapi. Mzinjibari anapapasa ukingo wa kitanda. "Kaa kwanza, mwanangu, umechoka." Daktari anakaa. Anaingia muuguzi, naye kaa kwanza, umechoka. Anaingia mfagiaji, anaingia mgonjwa wa jirani, anaingia polisi aliyekuja kumkamata. Wote kaa kwanza, umechoka, mpaka kitanda kikavunjika na wote wakaanguka chungu nzima.

Watu waligonga miguu chini kwa kicheko. Mkono wa Noof ulikuwa bado juu ya mkono wa baba yake. Alikuwa anacheka, kisha akamtazama, akaacha.

Hapa panahitaji maelezo kwa asiyejua matamasha ya Waarabu. Mchezo ukimalizika watu hawaendi zao. Huletwa meza na viti mbele ya jukwaa, mhakiki akaketi pamoja na mwongozaji, na mchezo ukajadiliwa hadharani hapohapo, jasho la waigizaji halijakauka. Kisha kipaza sauti hupelekwa kwa watazamaji, na yeyote aliyenyoosha mkono husema. Ni desturi ya heshima. Inakiri kwamba aliyetazama naye ana dhamana.

Mhakiki alisema mengi. Alisema mhusika wa Mzinjibari ana ukweli adimu, na kwamba onyesho la kitanda ni kilele cha kicheko chenye huruma. Loai akashukuru, akasema, "Tulifanya utafiti mrefu." Taimur alikuwa amekaa mwisho wa meza, rangi za uso hajafuta. Hakuinua kichwa.

Sleyum akanyoosha mkono.

Alisimama, akapokea kipaza sauti, akakohoa kidogo. "Assalamu alaykum," alisema. "Mimi naitwa Sleyum bin Hamoud..."

Kicheko kikapasuka ukumbi mzima. Sauti ilikuwa ileile, mwendo uleule, na kikohozi kilekile. Siku hizi waongozaji huficha waigizaji kati ya watazamaji, na watu walidhani mchezo bado unaendelea. Mmoja alipiga mluzi. Wengine waligeuka na simu zao juu, tayari kumpiga picha.

Noof alimvuta kanzu. "Baba, kaa. Baba, tafadhali."

Hakukaa. Alifanya kitu alichokijua kuliko wote waliokuwamo ndani ya ukumbi ule. Alisimama. Aliweka mikono alivyokuwa akiiweka nyuma ya viti vya wafalme, akaelekeza macho mbele, hakupepesa wala hakukunja uso. Kicheko kikaenda mpaka mwisho wake, kikajaribu kurudi, kikakuta hakuna kinachokilisha. Mtu mmoja mbele akamnyamazisha mwenzake. Simu zikashuka. Ukumbi ulipokuwa kimya kabisa, akaendelea alipoachia.

"Mimi ndiye mtu mliyemwona. Nilikataa kumwigiza, na kundi lilikuwa na haki ya kutafuta mwingine. Mambo yangu niliyatoa kwa mdomo wangu, ndani ya nyumba yangu, na sikushikiwa bunduki. Mmeyacheka, sawa. Mengine hata mimi yamenichekesha. Lakini yule wa kitandani si mimi. Ni mke wangu. Maneno yale aliyasema mara moja, kwa daktari mmoja, na daktari yule hakucheka. Naomba yatolewe. Sina zaidi."

Akarudisha kipaza sauti, akakaa.

Mwenye kuongoza majadiliano alitazama karatasi zake. "Tunamshukuru ustadhi kwa mchango wake," alisema, akampa zamu mwanafunzi mmoja aliyetaka kujua kwa nini taa za tendo la pili zilikuwa za buluu.

Garini Noof hakuwasha redio. Walikuwa wamefika karibu na Sib alipouliza.

"Mama alisema vile kweli?"

"Alisema."

"Mbona mimi hukuniambia? Umemwambia mtu wa nje, mimi mwanawe hukuniambia."

Sleyum alitazama barabara. Angeweza kumwambia jambo la kumfariji, na wazee wengi wangefanya hivyo. Yeye alimwambia kweli.

"Hujakaa, mwanangu."

Noof alifuta uso kwa ncha ya shela, akaendesha. Langoni aliteremka, akamshika baba yake mkono mpaka mlangoni, akasimama pale akitazama saa bila kujijua. Watoto walikuwa kwa jirani. "Ijumaa ntakaa, baba," alisema. Ijumaa alikaa, kweli, nusu saa zaidi.

Baada ya siku chache Loai alituma ujumbe: mchezo unakwenda Suhar, onyesho la kitanda limeondolewa. Hakuandika samahani, wala Sleyum hakuidai. Yaqdhan naye alipiga simu. Kuna mchezo mwingine wakati wa baridi, wa kihistoria, una mlango mkubwa wa ngome, na mlango unataka askari. Sleyum alimshukuru, akamwambia miguu yake imechoka. Wako watu wetu wanaosema alijipunja mwenyewe, kwamba angecheka na wanaocheka angekuwa na marafiki mpaka leo. Inawezekana. Marafiki wa namna hiyo angekuwa nao wengi.

Taimur alikuja Alhamisi moja mwezi uliofuata. Alisimama nje ya lango mikono mitupu.

"Ami, nlitaka kukwambia ile siku."

"Najua. Nilikukatiza."

"Mwanzo nlikuja kwa ajili ya mchezo, sikatai. Lakini baadaye... Loai ndiye aliyetia mambo ya kitanda kuvunjika. Lakini maneno nlimpa mimi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ingia, jua kali."

Alimsamehe kweli, mtu huyu hasemi asilolimaanisha. Kusamehe ni wajibu, naye aliutimiza hapohapo langoni. Alichemsha chai ya maziwa na iliki, akaleta mandazi, akamuuliza hali ya mama yake. Kijana akamjibu. Ndege ilipita juu ya nyumba ikiteremka. Taimur alisubiri, akanywa kidogo, akaweka kikombe.

"Ami, ile ya matanga. Yule bibi aliyekupakulia wali, alikwambiaje?"

Sleyum alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, macho yake mbele.

"Kunywa chai, mwanangu," alisema. "Itapoa."